Sanduku Lililoandikwa Moto

Mwalimu wa Kifaransa amenijia mara tatu na daftari jipya. Mara mbili za kwanza nilimwambia nina kazi. Nani asome maisha ya mfagizi? Watu husoma habari za mtu aliyepanda cheo. Mimi nilichopanda ni ngazi za ukumbi, na nikifika juu nashuka tena na ndoo yangu. Akasema kijitabu cha idara yao kinataka mtu aliyekuwepo siku ile ya tamasha, na kwamba kisa cha sanduku kimeshazunguka chuo kizima na kila anayekipokea anakitia chumvi yake. Hapo ndipo aliponipata. Wapo wanaosema nilitumbukiza sanduku kwenye pipa la maji. Wapo wanaosema nililia mbele ya wakubwa. Sikulia. Basi naandika mwenyewe kwa mkono wangu, na mjukuu wangu kazi yake ni kunyoosha herufi tu. Nimemkataza kuongeza neno, na nitamkagua.

Ukumbi mkuu wa chuo nimeufagia miaka ishirini na tisa. Una viti mia tatu na arobaini, na kile cha kumi na nne mstari wa saba kina chuma kinachochoma, wala hakuna aliyekitengeneza kwa sababu anayechomwa huhama kiti na kusahau. Niliingia kazini nikiwa mjane mwenye watoto wawili. Afisa aliyenipokea hakuniuliza kitu. Alinitazama mara moja, akanisukumia kisahani cha wino, nikatia dole gumba. Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba yule mama hasomi. Na wakati ule ilikuwa kweli.

Kusoma nilijifunza kwa kitambaa cha vumbi. Nyuma ya jukwaa, juu ya mtungi wa kuzimia moto, kuna kibao chekundu ninachokipangusa kila asubuhi. Mwaka wangu wa pili alikuja bwana mmoja wa usalama kutufundisha wafagizi na walinzi. Akagonga kibao kile kwa kidole, akasema, "Hapa pameandikwa: Moto ukitokea piga kengele." Wenzangu wakatazama kengele. Mimi nikatazama herufi. Neno la kwanza lilikuwa na duara mbili, moja katikati na moja mwisho. Kesho yake nilipokuwa napangusa nikapitisha kidole juu yake: mo, to. Halafu lile "to" nikalikuta tena ndani ya neno la pili, kama mtu unayemfahamu umemkuta amekaa kwa jirani. Nikacheka peke yangu pale nyuma ya pazia.

Basi moto ndilo neno langu la kwanza. Likafuata vuta, likafuata sukuma, likafuata kimya, halafu wanawake na wanaume. Kwa maneno hayo sita mtu anaweza kuishi: anajua mlango unafunguka vipi, aingie upande gani, anyamaze lini na akimbie lini. Baadaye nikasoma matangazo ya wanafunzi. Wao hubandika, mimi hubandua kwa kisu, na sijawahi kubandua karatasi kabla sijaimaliza. Nyingine zilinichukua siku nne, ndiyo maana walikuwa wananisema mvivu.

Sikumwambia mtu. Hata mjukuu wangu, aliyekuwa akinisomea risiti za dukani kwa sauti ya kumsomea kiziwi, sikumwambia. Mtu akishakuhesabu mjinga, kumfuata na kumwambia sasa umejua ni kama kuomba. Mimi siombi.

Sasa niwaambie habari za Waya. Huyu ni fundi wa mitambo wa ukumbi, mrefu, shingoni hakosi waya. Chumba chake kiko juu, nyuma ya viti, ngazi ishirini na mbili, na funguo zake ni mbili: mmoja wake, mmoja wangu wa kufagilia. Mimi funguo zangu nazivaa kiunoni, ndiyo maana wananiita Mama Funguo. Ugomvi wangu na Waya una miaka kumi na minane na haujawahi kubadilika hata kwa neno.

"Waya, huoni pamelowa?"

"Naona, Mama Funguo. Ndiyo maana nakanyaga polepole."

"Ukikanyaga polepole ndiyo unyayo unakaa vizuri."

"Basi kesho nitakimbia."

Na kesho anapita tena na viatu vyake vya soli ya mpira. Lakini Waya si mwizi. Hilo nilijua, kwa sababu chumba chake nakifagia mimi, na mtu unayemfagilia humjui kwa mdomo wake, unamjua kwa taka zake. Mwaka uliopita kilipotea kipaza sauti, akaandikiwa barua ya onyo la mwisho. Kikaja kupatikana kwenye begi la mgeni aliyehutubia, mzee wa watu alikibeba akidhani ni kasha la miwani yake. Lakini barua ilikuwa imeshaingia kwenye jalada, na hakuna aliyejisumbua kuitoa.

Kila mwaka idara ya Kifaransa hufanya tamasha la filamu za kwao, siku nne, ukumbini kwangu. Asubuhi ya siku ya kwanza nilipanda juu saa moja kufagia chumba cha mitambo. Waya hakuwepo, alikuwa ameshuka kutafuta waya mwingine, kana kwamba alizonazo hazitoshi. Juu ya mtambo wake mkubwa, karibu kabisa na pazia, palikuwa na kisanduku cheusi, urefu kama wa mkate, kimebanwa kwa vibanio viwili. Ubavuni kimebandikwa karatasi, na juu ya karatasi, kwa herufi nyekundu, neno moja.

Sikuhitaji hata kulipitishia kidole. Duara katikati, duara mwisho. MOTO.

Nikakigusa. Kilikuwa cha moto kweli. Leo najua ni kwa sababu kilikaa juu ya mtambo uliokuwa umewashwa, lakini wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Yule bwana wa usalama alitufundisha: kitu cha hatari kitoe nje kwanza, maswali baadaye. Nikakizungushia tambara, nikateremka nacho ngazi ishirini na mbili nimekishika mbali na kifua kama mtoto wa jirani asiyevaa nepi. Nikatoka mlango wa nyuma mpaka kwenye kibanda cha ndoo za mchanga. Pembeni pana bomba. Mkono wangu, naandika ukweli, ulikuwa umeshafika kwenye bomba. Nikakumbuka kwamba moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Nikafukua mchanga wa ndoo moja, nikakilaza kisanduku humo, nikakifunika, na juu yake nikafudikiza ndoo nyingine. Nikarudi kupiga deki huku najiona mtu.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia Waya. Nilimwona kwa mbali akirudi na mzigo wake. Lakini nilikuwa nalihifadhi lile neno. Nilitaka nimngoje akanyage sakafu yangu, halafu nimwambie mbele za watu: mwanamume mzima unaacha moto karibu na pazia, umeokolewa na mwanamke mwenye fagio. Neno tamu halisemwi upesi. Kabla hajafika nikaitwa jengo la upande wa pili, kusafisha vyumba vya wageni, nikakaa huko mpaka saa saba mchana.

Niliporudi ukumbi ulikuwa umepinduliwa. Viti vimeinuliwa, mapazia yamefunuliwa, mpaka ndoo zangu za takataka zimemwagwa sakafuni. Mwalimu wa Kifaransa, ambaye siku zote anatembea kama amebeba sahani kichwani, alikuwa amepiga magoti chini ya jukwaa.

"Mama, filamu ya ufunguzi imepotea," akaniambia. "Inaonyeshwa saa kumi. Hujaiona?"

"Sijaona kopo lolote," nikamjibu.

"Kopo?"

Hakungoja jibu, akaingia chini ya meza. Mtanisamehe, lakini filamu ninazozijua mimi huja katika makopo ya duara, mapana kama sinia. Nilishayabeba sana miaka ile ya mwanzo. Hakuna aliyenieleza kwamba siku hizi filamu nzima, na watu wake na nyumba zao, hulala ndani ya kitu kama mkate. Basi nami nikaanza kutafuta. Nikatafuta kopo la duara kwa bidii kuliko wote. Nikaingia hadi vyooni, upande wa wanawake na upande wa wanaume.

Nikiwa natafuta nyuma ya jukwaa nikasikia sauti kutoka kiofisi cha pale. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani alikuwemo afisa utumishi, na mbele yake amekaa Waya.

"Funguo ni mbili," afisa alikuwa anasema. "Mmoja wako, mmoja wa yule mama. Barua ya onyo la mwisho unayo tayari. Andika maelezo yako hapa, usaini, leo hii nikufungie jalada uende nyumbani."

"Sijachukua kitu, mzee."

"Amechukua nani? Yule mama? Yule hata angeliona hilo sanduku asingejua ni la nini. Hajui kusoma. Nyie wawili, mwenye kujua thamani yake ni wewe tu."

Nikangoja Waya aseme, basi mwiteni mumuulize. Ningekuwa mimi ningesema hivyo. Yeye akasema, "Mwacheni mama. Tangu nimjue hajawahi kuchukua hata pini. Tena sakafu yake nimeikanyaga sana."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Kichwani kulikuwa na neno moja linanizunguka: sanduku. Amesema sanduku, hakusema kopo. Lakini yapo masanduku mengi duniani, na langu lilikuwa la moto, halikuwa la filamu. Nikajituliza hivyo. Nikatoka mbele ya ukumbi kupunga hewa, na pale nguzoni nikamkuta binti mmoja mwanafunzi anabandika tangazo kwa gundi, juu ya rangi mpya. Nikamwendea nimkaripie. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka.

Kwenye tangazo palikuwa na picha ya mwanamke amepanda pikipiki, nywele zinapepea. Chini yake, herufi nyekundu, duara katikati, duara mwisho.

Nikatafuta moto katika ile picha. Hapakuwa na hata moshi, isipokuwa ule wa bomba la pikipiki.

"Binti," nikamwambia, na lilikuwa jambo gumu kulisema kuliko yote niliyosema mwaka ule, "hapa pameandikwa nini?"

"Moto, bibi. Yaani pikipiki. Ni Kifaransa hicho. Ndiyo filamu iliyopotea."

Nikashika nguzo, mkono ukaganda kwenye gundi yake.

Sasa nasema mambo ambayo wanaosimulia hawayajui. Nilisimama pale nikafanya hesabu ya moyoni. Ningeweza kwenda kibandani, nikalifukua, nikalipenyeza nyuma ya pazia, wakaliona wenyewe. Mimi hakuna ambaye angenishuku, nilikuwa nimekingwa na ujinga walionivisha. Lakini Waya angebaki kuwa mtu aliyepoteza mara ya pili, na kwa barua aliyonayo kilichobaki ni kuonyeshwa mlango. Tena kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililoninyanyua, sitawadanganya kwamba ni wema mtupu. Lile neno la afisa. Hajui kusoma. Miaka ishirini na saba nimesoma kila ukuta wa chuo hiki, halafu niokolewe kwa sababu sijui kusoma? Bora nikamatwe.

Nikaingia kiofisini bila kubisha. Mwalimu wa Kifaransa naye alikuwa ameshafika, vumbi limemjaa magotini.

"Sanduku nimelichukua mimi," nikasema.

Afisa akatabasamu, kama mtu anavyomtabasamia mtoto. "Mama, usimkingie mwenzako. Wewe ungelitambuaje?"

"Nimelisoma."

"Mama."

"Limeandikwa moto. Nikalitoa nje. Mtu akiona moto auache?"

Wakatazamana. Waya aliinua kichwa. Afisa, bado anatabasamu, akanisogezea ile karatasi ya maelezo ya Waya. "Haya, tusomee hapa."

Mwandiko wa Waya ni mbaya, unajikunja kama waya zake. Nikaweka kidole. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi, lakini nilisoma. "Mi-mi. Mimi ni fu-ndi. Ni-me-fa-nya ka-zi ha-pa mi-a-ka ku-mi na mi-na-ne." Nikafika mwisho wa mstari. "Si-ja-i-ba." Nikairudisha karatasi mezani. "Sijaiba. Ameandika sijaiba, nawe ulikuwa unamngoja aandike ameiba."

Tabasamu likamtoka afisa. Aliyecheka ni mwalimu wa Kifaransa, akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikakasirika.

"Unacheka nini, mwanangu?"

"Samahani, mama. Moto kwa Kifaransa ni pikipiki."

"Basi Kifaransa kimekosea. Pikipiki inaitwaje moto?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na nyumba zao zikiungua wanapiga kelele gani? Pikipiki, pikipiki?"

Akatamka neno lao la moto. Lilikuwa dogo, kama mtu anayepuliza mshumaa.

"Hilo linazima," nikamwambia. "Haliiti watu."

Hapo hata Waya alicheka, kicheko cha mtu aliyebanwa pumzi kutwa nzima. Halafu akaacha ghafla. "Mama Funguo, umeliweka wapi? Si kwenye maji?"

"Mimi ni mtoto? Mchangani."

Tulikwenda wote wanne, afisa na viatu vyake vya kung'aa, tukazunguka nyuma ya ukumbi. Nikainua ndoo ya juu. Waya akapiga magoti, akafukua kwa viganja kama anayefukua viazi, akakitoa kisanduku, akakipuliza, akakipangusa kwa shati lake. Ilikuwa saa tisa na robo. Tukapanda ngazi ishirini na mbili, mimi nyuma kabisa kwa sababu ya magoti, nikahesabu kila moja.

Akafungua vibanio. Ndani hamkuingia hata punje ya mchanga. Akachomeka waya wa kwanza, akachomeka wa pili. Taa ndogo haikuwaka. Akachomoa, akaupuliza mdomo wa waya, akachomeka tena. Nilikuwa nimeshika funguo zangu kiunoni zisilie. Taa ikawaka. Kule mbele, juu ya kitambaa cheupe, ikatokea barabara, na kwenye barabara ikaja pikipiki inanguruma, na yule mwanamke amekaa juu yake wala hana habari kwamba ameshinda kwenye ndoo yangu.

Waya akakaa chini sakafuni. Akakaa tu, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani. Mwalimu akakaa juu ya boksi. Nami nikavuta pumzi, ikashuka mpaka visiginoni. Sijui kama mnaijua pumzi hiyo. Ni kama kuvua viatu vilivyokubana tangu asubuhi.

"Mama, hili ni kosa," afisa akasema tuliporudi kiofisini, lakini sauti ilikuwa imelegea.

"Ni kosa. Andika. Lakini ile karatasi ya Waya ichane."

Akaikunja akitaka kuitia mfukoni. Nikamkingia ndoo ya takataka niliyokuwa nimeibeba, nikaishika hivyo bila kuishusha. Akaichana, akaitia. Kisha akaandika karatasi yangu, kwamba siku nyingine niulize kabla ya kubeba kitu. Ni haki. Akanisukumia kisahani cha wino. Nikakisukuma kirudi, nikanyoosha mkono nipewe kalamu.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Niliingia nikakaa mstari wa saba, kiti cha kumi na tatu. Cha kumi na nne nikamwachia afisa, hakuniuliza. Wanafunzi walikuwa wameandika maneno ya Kiswahili chini ya picha, nami nikawa nayawahi mawili matatu kabla hayajakimbia, yana mbio kama kuku anayetafutwa kuchinjwa. Nilichoshika ni kwamba yule mwanamke alikuwa akimpelekea dada yake mzigo. Aliufikisha. Hilo lilinitosha.

Baada ya wiki tatu Waya alikuja asubuhi nikiwa napiga deki. Alikuwa na bahasha, na viatu amevishika mkononi, anakanyaga sakafu yangu kwa soksi.

"Nisomee hii, Mama Funguo. Miwani nimeisahau."

Waya hana miwani, hajawahi kuwa nayo. Nikaifungua ile barua, nikaweka ndoo chini, nikasoma taratibu, na hakunisaidia hata silabi. Ilikuwa inatoka kwa afisa utumishi. O-nyo la mwa-ka ja-na li-me-fu-twa.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

Nikarudia. Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akaondoka na soksi zake zimelowa.

Hayo ndiyo maisha yangu, au ndiyo ninayotaka kuyatoa. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usifunge kijitabu ukaenda zako. Najua lipo neno ulilolisoma kinyume ukajifanya umelielewa, kila mtu analo. Langu nimeshaliandika. Andika lako kwenye karatasi, uniletee ukumbini asubuhi, mlango wa nyuma. Nitalisoma mwenyewe. Na ukija, futa miguu.